Baba Watoto Hupanda Basi Mwisho

Kwetu sisi safari si utalii. Hatufungi mizigo kwenda kutazama mandhari wala kulala hotelini. Tunasafiri kwa sababu kuna mgonjwa wa kujuliwa hali, kuna harusi, kuna arobaini, Idd inakaribia, au shule zimefungwa na Bibi wa Tanga ameshapiga simu kuuliza wajukuu zake wanakuja lini. Njia yetu ni ileile miaka yote. Tunatoka Mbagala, tunakwenda kituo cha mabasi cha Magufuli kule Mbezi Luis, halafu Kibaha, Chalinze, Wami, Mkata, Segera, Muheza, hadi Tanga. Ni kama kilomita 350. Wanangu wawili wanaijua barabara hiyo vizuri sana. Wanajua mashamba ya mkonge yanaanzia wapi, na wanajua kwamba machungwa yakianza kurundikana kando ya lami, Muheza haiko mbali.

Katika safari hizo za kawaida ndipo nilipowaona wakiielewa dini yao kwa namna ambayo madrasa peke yake isingeweza kuwapa. Nasema hivyo nikiwa nawaheshimu sana maustadhi wao, maana bila wao wanangu wasingejua hata dua ya kupanda chombo. Ila dua ile mtoto anaweza kuisoma kwa tajwidi nzuri, akaimaliza, kisha akamkanyaga mzee mlangoni kuwahi siti ya dirishani. Kati ya kisomo na ile siti ya dirishani kuna kazi, na kazi hiyo mtoto huifundishwa na macho yake.

Kitu cha kwanza walichokiona ni kwamba baba yao hupanda basi mwisho.

Ni tabia yake tangu nimjue. Mlango ukifunguliwa, watu wakaanza kusukumana, yeye husogea pembeni. Sisi tunatangulia, anatukabidhi kwa konda, halafu anarudi nyuma kutazama nani amebaki. Daima kuna aliyebaki. Kuna mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kuna bibi ambaye begi lake limekatika mkanda, kuna mtu aliyekuja na godoro akakatazwa kulipandisha na hajui amlilie nani. Baba watoto hatoi hotuba. Anashika upande mmoja wa begi. Anauliza, "Siti yako namba ngapi, mama?" Mpaka gari linaanza kunguruma ndiyo anaingia, na mara nyingi anaikuta siti yake ina mtu, naye hutafuta namna.

Binti yetu alipokuwa darasa la tatu hivi, alimuuliza mbona yeye huchelewa kila siku. Tulikuwa tumeshapita Kibaha, na baba yake alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa katikati ya njia kwa sababu siti yake alikuwa amempa mtu. Akamjibu kwa kumsimulia. Akamwambia Jabir bin Abdillahi, radhi za Allah zimshukie, amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa safarini akibaki nyuma ya msafara. Aliye dhaifu alimsukumasukuma aende, asiye na kipando alimpakia nyuma yake, na aliwaombea dua.

Mimi nilikuwa nimesikia mawaidha mengi maishani, lakini hadithi hiyo sikuwahi kuisikia ikisemwa mimbarini. Nilikaa nayo kimya hadi Chalinze. Fikiria msafara wa jangwani, vumbi lote linaangukia walio nyuma. Mbele kuna hewa safi, kuna heshima, kuna kuonekana. Huyu ndiye kiongozi wa wote, kila mtu angefurahi kumwona akiongoza kwa mbele, naye amechagua mahali ambapo ngamia aliyechoka hujikokota na mtu asiye na mtu hubaki. Na hakubaki kule kuwahesabu wazembe. Alibaki ili awepo pale ambapo nguvu za mtu zinaishia.

Tangu siku hiyo wanangu walipata jibu la kuwapa watu. Shangazi yao mmoja akitania, "Baba yenu mbona mzito hivyo?" mdogo hujibu, "Si mzito, anabaki nyuma."

Mwezi wa Desemba kituo cha Mbezi huwa hakitembeleki. Wale waliozoea msongamano wa Ubungo ya zamani, kabla mabasi hayajahamishiwa huku mwaka 2021, wanajua ninachosema. Eneo limekuwa kubwa, na watu nao wameongezeka. Wapiga debe wanaita, mikokoteni inapita miguuni, watoto wanalia, na kila mtu anataka mzigo wake uwe wa kwanza kuingia kwenye buti. Siku moja baba watoto alikuwa anawanyanyulia watu mabegi, na mdogo anamshikia koti. Alipomaliza alimwambia, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya zamani, kwamba kumsaidia mtu kupanda kipando chake au kumpandishia mzigo wake ni sadaka, Mtume amesema. Mtoto akawatazama wale wabeba mizigo wenye sare, jasho linawatoka, akauliza, "Kwa hiyo hawa wanapata thawabu kutwa nzima?"

"Wakinuia, ndiyo."

Akamfuata mmoja wao. Akamwambia, "Shikamoo. Baba anasema ukinuia unapata thawabu." Yule kaka alikuwa amebeba sanduku begani. Akasimama. Akasema, "Marahaba mwanangu. Nimeshanuia." Halafu akaendelea na safari yake. Kwa muda niliohisi kuwa mrefu mwanangu alisimama palepale akimwangalia, kwa sababu nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona mbeba mzigo kama mtu anayefanya ibada.

Upande wa mama yangu, yeye hana hadithi nyingi za kunukuu. Alisoma chuoni Ngamiani hadi akahitimu Kurani, basi. Ila ana neno moja ambalo kwake ni zito kuliko mengine yote, nalo ni haki ya mtu. Ukimkopa jirani kikombe cha sukari, hiyo ni haki ya mtu. Ukikata foleni, umekula haki ya mtu. Anaamini kabisa kwamba Mungu ni mwepesi wa kusamehe yaliyo baina yako na Yeye, lakini ya watu utayakuta yanakusubiri.

Tulikuwa tunarudi naye Dar. Pale Segera, njia panda ya kwenda Moshi na Tanga, mabasi husimama na vijana hulizunguka gari na mabeseni vichwani: machungwa, korosho, mayai ya kuchemsha, maji. Wengi ni wakubwa, ila wamo watoto ambao ungetamani wawe darasani. Abiria mmoja upande wa pili wa njia, mtu mzima mwenye nguo nzuri, alichukua neti ya machungwa dirishani. Akaanza kutafuta pesa mfukoni polepole. Gari likaondoka. Mtoto akaanza kukimbia, mkono juu, anapiga bodi, "Mzee! Mzee!" Mwenye machungwa akafunga kioo.

Mama yangu aliyaona yote. Yeye akinunua kitu njiani hutoa pesa kwanza, kisha ndipo apokee kitu, na chenji ikibaki kwa muuzaji husema imekwenda kihalali. Alisimama katikati ya basi linalotembea, akashika bomba la juu, akaita kwa sauti ambayo sikujua kwamba bado anayo: "Konda, simamisha gari. Kuna haki ya mtu imeingia humu."

Watu waligeuka. Mwingine akasema tutachelewa. Konda alikuwa kijana tu, akamtazama Mama, akamtazama yule mzee, akagonga bodi mara mbili. Dereva akapunguza, akaegesha. Yule mtoto alifika mlangoni hawezi hata kusema. Ndala moja ilikuwa mguuni, nyingine mkononi. Mwenye machungwa alitoa elfu mbili bila neno, ikapita mikono mitatu hadi mlangoni. Mama akaongeza ya kwake, akasema, "Na hii ya mbio zako." Gari likaendelea. Mama akakaa chini, na wala hakumtazama tena yule bwana, hakumsema, hakumsimanga hadi tunafika. Baada ya Mkata alifungua kapu lake, akatoa maandazi, akawagawia walio karibu. Akampa na yeye. Yule bwana akapokea kwa mikono miwili.

Hilo la andazi ndilo lililowachanganya wanangu. Kusimamisha gari walilielewa mara moja, mtoto yeyote anaijua dhuluma akiiona. Andazi walilijadili hadi nyumbani.

Mama ana desturi nyingine. Tukifika salama, kabla hatujalala, huwauliza wajukuu, "Nani katusaidia leo?" Nao humtajia. Hawana majina, kwa sababu njiani watu hawana majina. Ni yule dada aliyempakata mdogo mpaka Msata, yule kaka aliyetuonyesha choo kilicho safi, dereva aliyepunguza mwendo kwenye mvua. Mama huinua mikono akawaombea mmoja mmoja kwa alama hizohizo: mwenye shati la kijani, mwenye mtoto pacha, dereva. Anasema dua ya msafiri hairudi, na ni hasara kuitumia kwa ajili ya nafsi yako tu. Usiku ule wa Segera, mdogo alitaja konda. Akamtaja yule mtoto wa machungwa, ingawa hakutusaidia kitu, sisi ndio tuliomsaidia. Mama akasema mweke, ametusaidia kutolala na haki ya mtu. Kisha mtoto akasita, akauliza, "Na yule baba, Bibi?"

"Huyo ndiye tumwanze," Mama akasema. Na akamwanza.

Nimekuja kugundua kitu kuhusu Uislamu ambacho nilikuwa nakisoma bila kukiona, nacho ni jinsi sheria yenyewe inavyomhurumia msafiri. Swala ya rakaa nne inakuwa mbili. Adhuhuri na Alasiri unaweza kuzikutanisha, Magharibi na Isha vilevile. Anayesafiri Ramadhani ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Msafiri aliyekatikiwa njiani ametajwa ndani ya Kurani miongoni mwa wanaostahiki zaka, hata kama kwao ni tajiri, kwa sababu kule alipo hana kitu. Mtume mwenyewe amesema safari ni kipande cha adhabu, humzuilia mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake, na mtu akimaliza shida yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Hakuna kupambapamba hapo. Anayesema hivyo anajua mgongo unavyouma na mtoto anavyotapika. Na kama Mwenyezi Mungu amempunguzia msafiri hata swala, ambayo ni haki Yake, mimi ni nani nimkazie msafiri mwenzangu juu ya nusu ya siti?

Hilo lilinikaa vizuri mwaka 2025. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima vilianza kwa kupishana siku chache tu, kwa hiyo karibu nchi nzima ilikuwa imefunga. Ijumaa moja mjomba wangu alikuwa amezidiwa, tukaondoka Dar mchana baada ya watoto kutoka shule, kwa hesabu kwamba magharibi itatukuta Segera na futari tutapata hapo. Mbele ya Wami lori lilikuwa limeanguka na kuziba barabara. Magari yalipanga mstari huku na huku. Tulikaa hapo hadi jua likaanza kupoa, na barabara ilipofunguliwa tulijua magharibi itatukuta porini.

Binti yangu alikuwa amefunga. Tulimwambia safarini ana ruhusa, akasema anajua, ila angependa kumaliza. Baba yake hakumlazimisha huku wala kule. Tulikuwa na tende chache na chupa moja ya maji, futari ya watu wawili.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo aliyevaa kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anakwenda Muheza. Tulikuwa tumezungumza kuhusu bei ya mchele na ugonjwa wa kuku, basi. Kwenye saa kumi na mbili na robo aliniuliza, "Nyinyi mnafungua saa ngapi?" Nikamwambia bado kama dakika kumi na tano. Akainuka. Akaenda mbele kuzungumza na dereva, kisha akasimama akageukia abiria, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea kwenye jumuiya: "Jamani, wenzetu Waislamu wanafungua muda si mrefu na tuko porini. Mwenye chochote atoe tujue kilichopo."

Vitu vilianza kutoka. Sikujua basi linaweza kuwa na chakula kingi hivyo. Maji ya chupa, karanga, ndizi mbivu, mkate wa kumimina ambao mtu alikuwa anampelekea mama yake, korosho, juisi za watoto. Kijana mmoja aliyevaa heleni alikuja na pakiti nzima ya biskuti, akaomba radhi kwamba ndizo alizonazo. Yule mama alifungua kikapu chake akatoa viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amefunga naye, na hivyo vilikuwa chakula chake cha jioni. Akavikata kwa kisu kidogo kwenye mfuniko wa hotipoti, vipande vinavyolingana, akavipitisha nyuma kabla hajala yeye.

Dereva aliegesha mahali penye uwazi. Simu ya mtu ikaadhini. Nilitazama nyuma nikaona watu ambao sikujua kama ni Waislamu wakiinua tende, na wengine ambao sikujua kama ni Wakristo wakiwashikia maji. Binti yangu alisoma dua yake, akanywa, akafunga macho. Baadaye wanaume walitandaza kanga na mashuka kwenye nyasi wakaswali, safu imepinda kwa sababu ya mitaro, na waliobaki walishuka wakasimama upande wa barabara na tochi za simu ili magari yawaone wanaoswali. Hakuna aliyewaomba. Yule kijana wa heleni alisimama mwisho kabisa, upande magari yanakotokea kwa kasi.

Abu Said al-Khudri amepokea kwamba walikuwa safarini na Mtume akasema mwenye kipando cha ziada ampe asiye na kipando, na mwenye chakula cha ziada ampe asiye na chakula, akaendelea kutaja aina za mali moja baada ya nyingine mpaka wao wenyewe wakadhani hakuna kati yao mwenye haki juu ya ziada yoyote. Jioni ile niliielewa. Na mkalimani wangu alikuwa mama wa Kikatoliki mwenye viazi vitamu. Usiku ule kwa simu Mama alipouliza nani kawasaidia, mdogo alishindwa aanzie wapi, akasema, "Basi zima, Bibi."

Yapo mengine ya kila siku ambayo hata si safari. Hapa Dar mwanafunzi anapanda daladala kwa nauli ndogo, kwa hiyo asubuhi makonda wengi huwakwepa. Utawaona wamejaa kituoni, sare zimeloa, gari linapita. Lakini hapohapo kuna uungwana usioandikwa popote: mwanafunzi akishapanda na kusimama, abiria aliyekaa hunyoosha mkono bila kuulizwa na kumpokea begi, akalipakata. Nimewahi kuona mzee wa watu amepakata mabegi matano, hata uso hauonekani.

Haya yote, hata hivyo, yalikuwa bado ya upande mmoja. Tulikuwa wenye kutoa, au angalau wenye kushiriki. Mungu akatuonyesha upande wa pili pale Mama alipopata kiharusi.

Mkono na mguu wa kushoto vilikataa. Baada ya wiki kadhaa hospitali kule Tanga alipata nafuu ya kukaa, na tukashauriwa tumlete Dar kwa mazoezi na vipimo zaidi. Gari la kukodi hatukuliweza. Tukaja na basi. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa wa kwanza kusogea na wa kwanza kushika mzigo wa mwenzake, sasa alikuwa yeye ndiye mzigo, na hilo lilimuuma kuliko mguu. Pale stendi ya Kange alikuwa ananong'ona, "Nawachelewesha watu. Nawachelewesha watu."

Ngazi za basi ni ndefu kwa mguu usiokubali. Baba watoto alikuwa ameshamshika, na mimi nyuma yake, lakini hatukuweza kumpandisha bila kumwumiza. Watu wawili walitoka kwenye foleni. Hawakuwa wanajuana, nilijua kwa namna walivyoulizana, "Wewe unatumia mkono gani?" Wakafumbata mikono wakatengeneza kiti, Mama akakalia, akawashika mabega, wakamwinua hadi ndani wakienda upande upande. Siti ya mbele kabisa ilikuwa ya binti mmoja mwenye kompyuta mpakato. Alishahama kabla hatujaifikia.

Kwenye mapumziko ya chakula nilimpeleka Mama chooni. Tulichukua muda. Ukiwa na mgonjwa wa namna ile kila kitu ni hatua kwa hatua, na yeye ana haya, hataki uharakishe. Nikiwa humo ndani nilisikia honi ya basi letu. Ikapigwa tena. Baba watoto alikuwa amesimama mlangoni kwetu, hawezi kutuacha. Tulipotoka tuliliona gari limewashwa, konda amekasirika, na mlangoni yupo kijana mmoja abiria, mguu mmoja uko kwenye ngazi, mguu mwingine uko chini kwenye zege. Anasema kwa upole kabisa, bila kupandisha sauti, "Haliondoki, kaka. Kuna mama." Konda akasema kitu kuhusu muda. Kijana akasema, "Najua. Kuna mama." Mguu wake haukutoka chini mpaka Mama alipogusa ngazi.

Mama alimwambia, "Nisamehe mwanangu, nimekuchelewesha." Na babu mmoja aliyekuwa siti ya tatu, mtu wa kule kwetu kwa matamshi yake, akajibu kwa niaba yake: "Utuchelewesheje, bibi, nasi sote twenda Dar es Salaam ileile?" Watu wakacheka kwa wema, na Mama naye akacheka, kicheko cha upande mmoja cha kiharusi, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Tanga aliacha kunong'ona.

Miaka yote nilikuwa naisoma hadithi ya Jabir kwa macho ya yule anayebaki nyuma kusaidia. Siku ile niliisoma kwa macho ya aliyepakiwa. Yule sahaba ambaye ngamia wake alichoka lazima alitazama nyuma akaogopa kuachwa, kisha akamwona nani yuko nyuma yake. Nadhani imani ya huyo ilikomaa jioni ile kuliko ya waliotangulia mbele. Mama yangu aliniambia baadaye, tukiwa nyumbani Mbagala, kwamba alikuwa amemwomba Mungu asimfikishe mahali pa kubebwa na watu. "Na amenifikisha," akasema, "na waliobeba walikuwa na mikono mizuri." Aliwaombea wale wawili kwa mkono mmoja ulioinuka. Kijana wa mguu alimwombea peke yake, kwa kirefu, na akawataka watoto waitikie amina kwa sauti.

Mama yuko nasi hadi leo. Mazoezi yanamsaidia, mguu umeanza kuitika. Hasafiri tena, lakini swali lake la jioni halikufa, sasa anawauliza wanaotoka shule na anayetoka sokoni.

Wiki iliyopita binti yetu, ambaye sasa yuko sekondari na anapanda daladala mwenyewe, alirudi na magoti yenye vumbi. Alichelewa namba asubuhi akapewa adhabu ya kufagia uwanja. Tulimuuliza imekuwaje, maana nyumbani alitoka kwa wakati. Akasema gari lilikuja, akapata nafasi mlangoni, lakini kulikuwa na mzee mwenye mkongojo ambaye kila gari lilikuwa linamwacha. Akashuka. Wakangoja wote wawili, la pili likapita, la tatu akamzuia konda kwa maneno mpaka mzee akapanda.

Baba yake aliuliza kitu kimoja tu: "Alipata siti?"

"Alipata. Alinipakatia begi."

Sikwenda kumlalamikia mwalimu, kwa sababu kuchelewa amechelewa. Nilimwambia tu kwamba kuanzia kesho nitamwamsha nusu saa mapema, maana mzee huyo bila shaka ana kliniki na siku nyingine atakuwepo tena.